Sheikh Ramiya wa Bagamoyo: Aliuzwa utotoni, akaishukuru neema kwa kuigawa

  

Ndugu Waislamu, miongoni mwa sura za mwanzo anazohifadhi mtoto wa chuoni ni Surat Quraish, sura ya 106 katika Msahafu. Ni sura ya aya nne tu, na wengi wetu huisoma katika swala kwa sababu ya wepesi wake bila ya kusimama mbele ya maana yake. Humo Mwenyezi Mungu anawakumbusha Makureshi misafara yao ya kipupwe na ya kiangazi, kisha anawaamrisha wamwabudu Mola wa Nyumba ile ya Makka, ambaye amewaondolea njaa kwa kuwalisha na amewaondolea khofu kwa kuwapa amani. Neema zilizotajwa ni mbili tu, shibe na usalama. Hazikutajwa dhahabu, wala majumba, wala ukubwa wa makabila, kwani mwenye njaa hawezi kuyafurahia hayo na mwenye khofu hawezi kuyalalia.

Sisi tunaoishi Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, tuna sababu ya kuisoma sura hiyo polepole kuliko watu wengi. Wilaya yetu ya Rungwe ina udongo wa majivu ya volkano, na baadhi ya maeneo yake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Migomba haikauki. Chai, kahawa, viazi, maharage na maparachichi hupishana sokoni, na maziwa hupatikana mlangoni. Ama usalama, mtoto wa Bulyaga hutoka nyumbani alfajiri kwenda msikitini au chuoni na mama yake haendi kusimama njiani kumwangalia kama atarudi. Jambo hili tumelizoea kiasi kwamba hatulihesabu kuwa ni neema. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Katika karne ya 19 nchi hii ilipata mashambulizi ya Wasangu, na ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, mfanyabiashara aitwaye Mlozi alijenga ngome zake na kuwashambulia watu wa Ukonde mwaka 1887, wengi wakauawa na wengine wakachukuliwa utumwani. Vita vya huko havikuisha mpaka Mlozi aliponyongwa mwaka 1895. Wazee wa wazee wetu walijua maana ya kulala na sikio moja likiwa macho.

Ni kwa sababu hiyo leo tumechagua kueleza maisha ya mtu ambaye utoto wake uliharibiwa na khofu ya namna hiyo hiyo, kisha Mwenyezi Mungu akampa shibe na amani, naye akaonyesha kwa vitendo kuwa ameelewa amepewa nini. Mtu huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931.

Asili yake ni mashariki ya Kongo, upande wa Manyema. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi ya Manyema ilikuwa imefunguliwa kwa nguvu na misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka pwani na Unguja. Nyangwe na Kasongo ikawa miji yao. Mkubwa wao kwa umaarufu alikuwa Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Pembe zilitafutwa kwa kununua na zilitafutwa kwa bunduki, na mahali palipopigwa bunduki watu walichukuliwa pamoja na pembe. Mwezi Julai mwaka 1871 soko la Nyangwe lilishambuliwa mchana kweupe, na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula, wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Katika ulimwengu huo ndimo alimozaliwa mtoto ambaye baadaye angeitwa Yahya.

Alitolewa kwao akiwa mdogo na kuletwa pwani akiwa mtumwa. Njia ile tunaijua. Ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ikapita Tabora, ikakata nyika ya Ugogo na kuteremka hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu kwa miezi mingi. Mtu mzima aliyebeba mzigo alichoka na kufa njiani. Tujiulize hali ya mtoto. Sultani Barghash wa Unguja alikuwa ametia saini mkataba na Waingereza mwaka 1873 wa kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko lao la Unguja, lakini barani biashara iliendelea, na Bagamoyo ulikuwa mlango wa bara. Huko alinunuliwa na Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu tajiri aliyekuja kuwa Liwali wa mji huo.

Hapa inatupasa tuseme jambo kwa uwazi, maana baadhi yetu tukifika kwenye suala hili hupenda kulipita haraka kama mtu apitaye makaburini usiku. Waliofanya biashara ile wengi wao walikuwa Waislamu kwa majina na kwa mavazi, na wengine walikuwa watu wa kuswali. Hilo ni la kweli na halifutiki kwa kunyamaza. Lakini ni kweli vilevile kwamba kumvamia mtu huru katika kijiji chake, kumfunga na kumuuza ni miongoni mwa dhulma kubwa mno katika sheria ya Kiislamu. Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu amejitangaza kuwa Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza mtu huru na kula thamani yake. Na katika Surat al-Balad, pale inapotajwa njia ngumu ya mlimani ambayo binadamu hapendi kuipanda, la kwanza kutajwa ni kumwacha huru mtumwa, na la pili ni kulisha siku ya njaa yatima aliye jamaa au masikini aliyelala mavumbini. Angalieni namna mambo hayo mawili yalivyowekwa bega kwa bega, uhuru na chakula, usalama na shibe. Ni zile zile neema mbili za Surat Quraish, isipokuwa safari hii mwanadamu anaamrishwa azipitishe kwa mwenzake.

Basi mtoto yule akawa Bagamoyo, na akapewa jina la Yahya bin Abdallah. Ilikuwa ni desturi ya pwani kwamba aliyeingia katika Uislamu bila ya nasaba inayotambulikana hapo mjini huitwa mwana wa Abdallah. Watu wenye kiburi cha ukoo walilisikia jina hilo na kujua kuwa mwenye nalo hana kwao. Lakini maana ya Abdallah ni mja wa Mwenyezi Mungu, na ndilo jina la baba yake Mtume wetu (SAW). Wapo masharifu ambao hawatakuwa na nasaba bora kuliko hiyo Siku ya Kiyama, siku ambayo Qur'ani inatufahamisha kuwa nasaba hazitakuwepo baina ya watu.

Mji aliokulia ulikuwa na misukosuko yake. Mwaka 1888 pwani yote iliwaka moto pale Wajerumani walipotaka kuichukua, na vita vya Abushiri bin Salim vikaipiga Bagamoyo nyumba kwa nyumba. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Wajerumani wakaufanya mji huo makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, na taratibu Bagamoyo ukaanza kupoteza utajiri wake. Reli ya kati ilipojengwa kuanzia Dar es Salaam, misafara ya wapagazi ikafa kabisa. Kwa wakubwa wa mji hayo yalikuwa maafa. Kwa mtu wa chini aliyezoea kuishi kwa kidogo, mji uliopungukiwa na matajiri ulikuwa na nafasi.

Yahya alianza na biashara ndogo kabisa, ya samaki. Hakuna Bagamoyo kazi iliyo nyenyekevu kuliko hiyo. Muuza samaki huamka kabla ya wenye majahazi kufika ufukweni, hunuka samaki mchana kutwa, na bidhaa yake haingojei mnunuzi hadi kesho. Lakini ni kazi ya halali, na yeye aliifanya kwa uaminifu. Kutoka katika faida ya samaki akanunua minazi, na kutoka katika minazi akanunua mashamba, hata kufikia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akawa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi mjini hapo. Katika mji ule ule ambao yeye mwenyewe alipata kuwa mali ya mtu, sasa alikuwa mwenye mali.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye mtihani. Sisi hudhani kuwa mtihani ni umasikini, na kwamba tajiri amekwisha kufaulu. Qur'ani haisemi hivyo. Nabii Sulaiman (AS), alipokiona kiti cha enzi cha malkia wa Saba kimewekwa mbele yake, aliutambua mara moja kuwa ni mtihani wa Mola wake wa kumwangalia kama atashukuru au atakufuru. Na watu wa Saba wenyewe, waliopewa bustani mbili kuliani na kushotoni na safari za amani usiku na mchana, walichoka na neema hiyo wakaomba vituo vya safari zao viwe mbalimbali, nao wakatawanywa hata wakabaki kuwa hadithi. Mtu aliyetoka katika minyororo ana hatari yake pia. Anaweza kusema moyoni kuwa hana deni kwa yeyote, kwamba aliteswa vya kutosha na sasa ni zamu yake ya kula. Wapo watumwa wa zamani wa pwani na bara ambao walipopata nguvu walinunua watumwa wao wenyewe. Historia inawajua.

Yahya alielekea upande mwingine. Akiwa mtu mzima mwenye shughuli zake, aliketi mbele ya walimu. Alisoma kwa Sheikh Abu Bakr bin Taha al-Jabri, mwanazuoni wa Bagamoyo, na akajitahidi peke yake kwa kiwango kilichowashangaza watu. Kusoma utu uzima si jambo jepesi. Ndugu zetu wengi wa hapa kwetu, walioanza kujifunza alif na be wakiwa na wajukuu, wanalijua vyema. Inahitaji mtu avunje kiburi chake mbele ya vijana wanaosoma kwa haraka kuliko yeye. Na kwake yeye kulikuwa na kizuizi cha ziada, kwani elimu ya dini katika miji ya pwani wakati ule ilikuwa imekaa zaidi mikononi mwa koo za Kiarabu na za masharifu, na mtumwa alihesabiwa kuwa inamtosha kujua namna ya kutawadha na kuswali.

Alipopata elimu, akaifanyia kile alichofanya katika minazi: akaipanda. Alifungua madrasa mjini Bagamoyo akasomesha. Madrasa ile ikawa mashuhuri kuliko nyingi katika mwambao huu, na wanafunzi wakaja kutoka mbali. Humo mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa alikaa juu ya mkeka mmoja na mtoto wa mwenye shamba. Tukitaka kuipima shukrani ya Sheikh Ramiya, kipimo ni mkeka ule. Maana wanazuoni wetu, akiwemo Imam Ghazali katika kitabu chake cha Ihya, wameeleza kuwa shukrani huanza katika elimu, yaani mtu kuijua neema na kumjua Mwenye kuitoa. Kisha hali ya moyo, yaani furaha iliyochanganyika na unyenyekevu. Kisha kazi, yaani kuitumia neema katika lile lililopendwa na aliyeitoa. Mtu akiishia kwenye ulimi bado yuko mlangoni. Ndiyo sababu watu wa nyumba ya Nabii Daud (AS) katika Qur'ani waliamrishwa kuifanya shukrani, si kuitamka tu, na Mwenyezi Mungu akataja papo hapo kuwa ni wachache katika waja wake walio na shukrani. Na Mtume wetu (SAW) alipoulizwa na Bibi Aisha (RA) sababu ya kusimama usiku katika swala hata miguu ikavimba ilhali amekwisha kusamehewa, jawabu lake lilikuwa ni kwamba anapenda awe mja mwenye kushukuru.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Sheikh Ramiya aliingia katika tariqa ya Qadiriyya na kupewa ijaza ya kuiongoza Bagamoyo. Tariqa hiyo ilikuwa imeenezwa katika Afrika Mashariki na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyefika Unguja zama za Sultani Barghash na aliyeuawa nchini Somalia mwaka 1909. Wapo ndugu zetu wanaohitilafiana na wenzao kuhusu mambo ya tariqa, zikri za kusimama na maulidi, na ukurasa huu si baraza la kuamua hitilafu hizo. Lakini mtu mwadilifu, wa upande wowote, hatokosa kuona lililofanyika. Katika halaka ya Qadiriyya, Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi na Mwarabu walishikana mikono, na aliyewaongoza alikuwa yule aliyeletwa pwani kwa kamba. Kwa maelfu ya watu waliotolewa makwao, waliosahau lugha za mama zao na wasiokuwa na ukoo wa kuwazika, tariqa ilikuwa ukoo. Sheikh Ramiya alikuwa anajua maradhi waliyokuwa nayo kwa sababu yeye mwenyewe alipata kuyaugua.

Maulidi ya Bagamoyo aliyoyasimamia yakawa makubwa mwaka baada ya mwaka. Watu walikuja kwa miguu na kwa majahazi, na baadaye kwa magari. Waliokuja walilishwa. Ndugu, hebu tulitafakari hili kwa jicho la Surat Quraish: mtu ambaye utotoni alitembezwa na njaa kutoka Ziwa Tanganyika hadi bahari ya Hindi, sasa anawapikia waliotembea kuja kwake. Na waliofika kwake walifika kwa hiari zao, wakaondoka kwa hiari zao.

Mwaka 1916 utawala ulibadilika. Sisi wa Rungwe tunaukumbuka mwaka huo, kwani mwezi Mei majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, na mwezi Agosti Bagamoyo nayo ikatekwa. Miaka ile ilikuwa ya dhiki kubwa nchini Tanganyika. Wanaume walikamatwa kuwa wapagazi wa majeshi, vyakula vikachukuliwa maghalani, ikafuata njaa, na mwisho wa vita homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaua watu wengi. Katika wakati huo wa khofu Waingereza walimpa Sheikh Ramiya uliwali wa Bagamoyo. Cheo alichokuwa nacho bwana wake wa zamani kikakaliwa na aliyekuwa mtumwa wake. Tena sheria ya kuufuta utumwa nchini Tanganyika haikutoka mpaka mwaka 1922. Wajerumani walikuwa wametamka tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Maana yake ni kwamba katika mji ule, siku aliyokalia kiti, bado walikuwepo watu ambao kisheria walikuwa watumwa.

Anayesoma kisa hiki hana budi kumkumbuka Nabii Yusuf (AS). Naye alitolewa kwao mtoto, akauzwa kwa dirhamu chache na wafanyabiashara wa msafara, akawa katika nyumba ya mkubwa, na mwisho akakabidhiwa maghala ya nchi katika miaka ya njaa. Wafasiri wameliangalia neno moja katika mwisho wa Surat Yusuf. Alipokuwa akimshukuru Mola wake mbele ya baba yake na ndugu zake, alitaja kutolewa kwake gerezani na kuletwa kwa jamaa zake kutoka jangwani, lakini hakutaja kisima. Hakutaka kuwaaibisha ndugu zake walioko mbele yake. Wala hakusema kuwa walilolitenda lilikuwa jema. Alisema ni Shetani aliyefitinisha baina yake na wao. Shukrani ya Nabii Yusuf haikuihalalisha dhulma. Aliishukuru huruma ya Mwenyezi Mungu iliyomtoa, na aliliita ovu kwa jina lake.

Tunalisisitiza hili kwa sababu kuna maneno husikika, hata katika baadhi ya mihadhara, kwamba waliochukuliwa watumwa wangepaswa kuwashukuru waliowachukua, kwa vile bila ya hao wasingeufikia Uislamu. Kwa maoni yetu maneno hayo ni makosa na ni utovu wa adabu kwa Mwenyezi Mungu. Yeye hahitaji mnyororo wa mtu dhalimu ili amfikishie mja wake uongofu. Zayd bin Haritha (RA) alitekwa akiwa mtoto na kuuzwa katika soko la Ukadh, kisha akafikia kuwa katika nyumba ya Mtume (SAW). Mtume hakumwambia awashukuru waliomteka. Alimwacha huru, na baba yake alipokuja kumtafuta alimpa Zayd hiari ya kwenda au kubaki. Kwa hiari yake akabaki. Bilal (RA) hakumshukuru Umayya kwa jua la Makka. Sheikh Ramiya vilevile, shukrani zake zilielekea juu, na matunda yake yakateremka kwa walio chini.

Na tukumbuke upande wa pili wa mizani. Tippu Tip, ambaye misafara yake ilitamba katika nchi aliyozaliwa Yahya, alirudi Unguja akiwa na mashamba ya karafuu na watumwa wengi sana, na akafa huko mwezi Juni mwaka 1905, akiwa miongoni mwa matajiri wa kisiwa. Hukumu yake iko kwa Mola wake, si kwetu. Watalii huonyeshwa nyumba yake katika Mji Mkongwe, wakaitazama na kupiga picha.  Ama Sheikh Ramiya, watu walimsomea khitma, na wanafunzi wake wakafungua vyuo walikokwenda.

Uislamu wa hapa kwetu nao ulikuja kwa watu wa tabaka hilo hilo. Waliouleta Tukuyu na kwenye maboma mengine ya bara hawakuwa masultani. Walikuwa askari, wapishi, wachuuzi wa nguo na chumvi, mafundi cherehani, walimu waliobeba juzuu ndani ya mfuko wa kaniki. Nchi ilikuwa na wamisionari wa Moravian tangu mwaka 1891, wenye shule na hospitali, na Waislamu walikuwa wachache wasio na fedha. Hata hivyo waliswali, wakafundisha watoto wachache chini ya veranda, na majirani zao Wakristo wakawaachia nafasi. Amani hii baina ya jirani na jirani, ambayo tunaishi ndani yake Bulyaga hadi leo, ni sehemu ya ule usalama uliotajwa katika Surat Quraish. Hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi imeeleza kuwa mwenye kuamka akiwa na amani katika watu wake, na afya ya mwili, na chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia yote. Tuihesabu asubuhi yetu kwa kipimo hicho. Wangapi kati yetu hukusanyiwa dunia kabla ya saa moja ya asubuhi, kisha hushinda wakilalamika bei ya chai?

Na kuna swali gumu zaidi, nalo linawahusu wazazi. Muuza samaki yule, aliyekuwa na kila udhuru, alitoa katika faida yake akasomesha watoto ambao si wake. Katika miji yetu leo, baba mwenye shamba la maparachichi linalomwingizia fedha kila msimu huona tabu kutoa ada ya mwalimu wa madrasa kwa watoto wake mwenyewe, na mwalimu huyo hulazimika kulima vibarua ili apate kula. Nyumba inapakwa rangi, simu inabadilishwa, arusi inafanyiwa ukumbi, na mkeka wa chuo una matundu. Surat an-Nahl imepiga mfano wa mji uliokuwa na amani na utulivu, riziki ikiujia kwa wingi kutoka kila upande, kisha watu wake wakazikufuru neema za Mwenyezi Mungu, naye akauonjesha vazi la njaa na khofu. Adhabu ilikuwa ni zile zile neema mbili kuondolewa. Wala mji huo haukutajwa jina.

Sheikh Ramiya aliishi miaka yake ya mwisho akiwa mwalimu na khalifa. Uliwali ulipita, kama vyeo vyote vinavyopita, na watu hawakuacha kumwita Sheikh. Alifariki dunia mwaka 1931. Nafasi yake ilishikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad, aliyeiendeleza madrasa na maulidi hata mkusanyiko wa Bagamoyo ukawa mmoja kati ya mikubwa katika Afrika Mashariki. Sheikh Muhammad alikuwa miongoni mwa waliokiunga mkono chama cha TANU Bagamoyo katika miaka ya kudai uhuru, na akaiona Tanganyika ikiwa huru mwaka 1961, nchi ambayo ndani yake mtoto wa mtumwa na mtoto wa bwana walipiga kura moja moja. Naye alifariki mwaka 1985. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, pamoja na wale waliobaki njiani kati ya Ziwa Tanganyika na bahari, ambao hakuna aliyewasomea khitma.